Namna ya Kuchagua Sabuni ya Farasi, Hasa Kama Ni Punda

Hatua ya kwanza ya kuchagua sabuni ya farasi ni kuirudisha rafuni. Hatua ya pili ni kumtazama vizuri huyo farasi wako, maana huku kwetu, kuanzia Ruaha Mbuyuni hadi Mbeya mjini, uwezekano mkubwa ni kwamba ni punda.

Farasi tunao wachache. Mufindi wageni hupandishwa farasi kutembezwa kwenye milima na mashamba ya chai, na wengine wanafugwa na watu binafsi hapa na pale. Uchache huo una sababu zake. Mbung'o hueneza nagana, na usubi hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao humuua farasi ndani ya siku chache huku punda aliyefungwa pembeni yake mara nyingi haonyeshi hata dalili. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, na wote walikufa kabla hajaiona Ugogo. Naye Zelewski, kamanda wa Wajerumani, siku Wahehe wa Mkwawa walipomvizia Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, alikuwa amepanda punda. Kwa hiyo mwongozo huu utasema farasi kwa heshima, lakini macho yake yako kwa punda wa Usangu na Pawaga, anayevuta mkokoteni wa mpunga na madumu ya maji.

Sasa jiulize nani hasa anataka kuoga. Punda hataki. Punda akitaka kujisafisha anatafuta vumbi zuri, anajibwaga, anagaagaa miguu ikiwa juu, anainuka, anajikung'uta, kazi imekwisha. Vumbi hunyonya jasho na mafuta yaliyozidi. Anayetaka maji na povu ni wewe, kwa kuwa Jumamosi kuna harusi, au kuna mgeni anakuja na kamera. Ni haja halali, ila ni yako, kwa hiyo gharama yake isibebwe na ngozi ya mnyama.

Na kuna jambo ambalo wauza shampuu hawana haraka ya kukwambia: farasi na punda wana sabuni yao. Jasho lao lina protini iitwayo latherini, ambayo hulisaidia jasho kupenya kwenye manyoya yenye mafuta, likaenea hadi nje na kukauka, mnyama akapoa. Ndiyo maana farasi aliyekimbia hutoa povu jeupe shingoni na katikati ya mapaja. Mtazame punda aliyetoka Chimala na mzigo: ukivua ule mkanda wa kifuani utaona mistari myeupe ya chumvi imekauka kwenye manyoya, ukiikwaruza kwa ukucha inadondoka unga. Hiyo chumvi haihitaji sabuni yoyote. Ndoo moja ya maji matupu na dodoki vinaitoa, na vikichelewa kuitoa, kesho mkanda utaisugua kwenye ngozi mpaka kitokee kidonda.

Kwa siku nyingine zote tumia burashi kavu. Kama huna, sokota nyasi kavu fundo la kujaa kiganja, umsugue kwa kufuata manyoya yanakolalia. Dakika kumi za mkono wenye nguvu huyasambaza mafuta ya ngozi hadi nchani mwa unywele, na huko ndiko mng'ao unakotoka. Sijaona chupa inayoshinda mkono huo. Ukitaka mng'ao zaidi, upitishie mdomoni: mafuta kidogo ya alizeti kwenye pumba, uanze na kijiko kimoja kwa siku na kuongeza polepole, yatafanya kazi baada ya wiki kadhaa. Harusi ya Jumamosi hii umeshaikosa.

Lakini tuseme umeng'ang'ania. Punda amelala kwenye tope la gereji, ananuka, na shemeji zako wako njiani. Twende dukani.

Sabuni ya unga iache. Imeundwa kupambana na kola ya shati, na kola haina mafuta yake ya asili ya kupoteza. Kwa kipimo cha pH, ngozi ya binadamu iko kwenye 5 na kidogo, ya farasi iko karibu na 7, sabuni ya mche hufika 9 au 10, na ya unga huweza kupita hapo. Ukiisugua mgongoni unakomba mafuta yote yanayozuia maji na baridi, halafu unamwachia mnyama mba, mwasho na manyoya yaliyokakamaa. Nunua hiyo sabuni ya unga, lakini fulia tandiko na magunia ya mgongoni, suuza mara mbili, anika juani. Vidonda vingi vya punda vinaanzia kwenye tandiko chafu, na hakuna anayelipa tandiko siku yake ya kuoga.

Sabuni ya mche, kwa shida, itumike kwenye kwato na miguu iliyoganda tope, kisha isuuzwe sana. Magadi na majivu yasifike mgongoni kabisa. Bibi zetu walisugulia masufuria majivu kwa kuwa yanakata mafuta vizuri, na hiyo ndiyo sababu hasa ya kuyaweka mbali na mnyama. Oili chafu ya injini, ambayo bado kuna watu wanampaka punda mwenye upele, ni sumu: ina mabaki ya metali, inapenya kwenye ngozi, na mnyama anailamba. Dawa za kuoshea vyoo sitazijadili. Anayezifikiria amrudishe punda kwa aliyemuuzia.

Kinachobaki ni shampuu laini. Ya farasi ikipatikana, vizuri, ila mara nyingi utalazimika kuiagiza Arusha au Dar es Salaam. Isipopatikana, shampuu ya watoto wachanga isiyo na manukato makali inafaa, maana pH yake kwa kawaida iko karibu na 7. Usimmiminie mwilini. Weka kijiko kimoja au viwili kwenye ndoo ya lita 10, koroga, chovya dodoki. Povu likiwa jingi kiasi cha kukufurahisha, umezidisha, na utaongeza ndoo mbili za kusuuzia.

Hapa naomba utani ukae pembeni kidogo, kwa sababu kuna kosa moja linaloua. Wafugaji wetu wanajua josho. Ng'ombe wanaogeshwa kwa dawa ya kupe, na punda amesimama pale pale na kupe wake masikioni, kwa hiyo mtu anachota dawa ile ile, anampaka. Baadhi ya dawa za kupe za ng'ombe zina amitrazi. Kwa ng'ombe ni dawa nzuri. Kwa farasi na punda inaweza kusimamisha mwendo wa utumbo: chakula kinaganda ndani, mavi hayatoki, mnyama anageuza shingo kuangalia ubavu wake, analala, anainuka, anagaagaa tena, safari hii kwa maumivu. Farasi hana uwezo wa kutapika, na hakuna njia ya mkato ya kumwokoa. Ukiona hayo baada ya kumpaka dawa, suuza kwa maji mengi na umwite bwana mifugo saa hiyo hiyo, usisubiri asubuhi.

Ndiyo maana dukani husemi tu unataka dawa ya kupe. Unasema: "Shikamoo mama, naomba dawa ya kupe, lakini ni ya punda, siyo ya ng'ombe." Akikupa chupa, usisome jina kubwa la biashara. Soma maandishi madogo yaliyo chini yake, yanayotaja dawa yenyewe. Ukikuta neno "amitraz", mrudishie kwa adabu. Muuza duka mzuri hatakasirika.

Cha ajabu ni kwamba dawa inayowafaa farasi ina asili shambani kwetu. Pareto, lile ua jeupe lenye kitovu cha njano, hulimwa kwenye vilima vya Mbeya, Makete na Mufindi, na kiwanda cha kulisindika kiko Mafinga. Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa pareto duniani, na dawa za kufukuzia nzi zinazopuliziwa farasi Ulaya na Marekani nyingi zina pairethrini itokanayo na ua hilo, au ndugu zake wa kiwandani. Usiponde maua jikoni ukadhani umemaliza, kwa kuwa hutajua ukali wa ulichokoroga. Tafuta dawa ya jamii hiyo iliyoandikwa kuwa inafaa farasi, bwana mifugo akupimie. Ikikosekana, kupe wa punda mmoja wanatolewa kwa vidole: angalia ndani ya masikio, chini ya mkia na kwenye kinena. Ni kazi ya jioni moja.

Mvua zetu zinaanza Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo kuna ngozi ambayo shampuu haiisaidii. Ukipitisha kiganja mgongoni unakuta vipele vigumu, ukiinua kimoja kinatoka na kishada cha manyoya kama brashi ndogo ya rangi. Hao ni bakteria wanaoitwa Dermatophilus congolensis, jina lililotokana na Kongo, na wanachopenda ni ngozi iliyolowa muda mrefu. Kuosha kila siku ni kuwaandalia karamu. Mtoe mnyama kwenye mvua, osha sehemu hiyo kwa dawa yenye klorheksidini au povidoni ayodini kama lebo inavyoelekeza, acha dakika kumi, suuza, kausha kabisa. Burashi iliyomgusa isimguse mwingine, na wewe nawa mikono, maana binadamu pia huambukizwa. Kidonda kibichi cha mkanda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, lita moja kwa vijiko viwili vya chai vya chumvi.

Mahali pa kuogeshea si mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na hata isingekataza, mto Ruaha Mdogo una watu wanaochota maji chini yako. Dawa za jamii ya pareto huua samaki kwa kiasi kidogo sana. Beba ndoo, nenda mbali.

Saa ni kati ya saa tano na saa nane mchana, jua likiwa limetoka. Juni na Julai, Mafinga ikiamka na umande wa barafu, usioshe kitu zaidi ya kwato. Punda asili yake ni nchi kavu za kaskazini mashariki mwa Afrika, manyoya yake hayakingi maji kama ya farasi, akilowa analowa hadi kwenye ngozi. Anza na miguu, panda taratibu, kichwa kipate kitambaa chenye unyevu tu, masikio yasiingie maji. Suuza mpaka maji yanayodondoka tumboni yawe safi, kamua manyoya kwa ukingo wa kiganja, kisha mtembeze juani hadi akauke.

Ukichoka kumtembeza, angalia unapomfunga. Rungwe, Njombe na sasa Iringa kivuli kilicho karibu mara nyingi ni cha mparachichi, na majani yake ni sumu kwa farasi na punda: kichwa na shingo huvimba, na moyo unaweza kuathirika. Mfunge kwenye nguzo, umwekee nyasi na ndoo ya maji ya kunywa. Kamba iwe fupi kiasi, ama sivyo atalala kwenye vumbi kabla shemeji hawajashuka kwenye gari.