Noti Sita za Mwalimu

Nimefundisha hesabu miaka mingi, kwa hiyo nilipopanda mashua pale Forodhani kwenda Changuu sikuona haja ya kumuuliza nahodha mwendo wetu. Simu ninayo, kalamu ninayo, na majivuno yananitosha mimi na abiria wote.

Kanuni yenyewe nyepesi. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Kwetu huku karibu na Ikweta, dakika ya longitudo haipishani nayo sana. Chukua tofauti zote mbili, mwite Pythagoras, upate umbali. Gawa kwa saa, mwendo unatoka kwa noti. Si noti za benki. Hizo mwalimu hagawi.

Tulipoondoka simu iliandika 6.162 na 39.188. Changuu, dakika 45 baadaye, ikaandika 6.120 na 39.166. Nikapiga hesabu, nikatangaza: "Nahodha, tumekuja kwa noti 6 na ushei!"

Akanionyesha kwa kidevu dau la mvuvi lililotupita njiani, tanga lake viraka vitupu. "Na huyo, mwalimu, kaja kwa ngapi?"

Nikairudia karatasi. Kumbe 6.162 si nyuzi 6 na dakika 16.2. Ile 0.162 sharti uizidishe kwa 60, na inazaa dakika 9.72 tu. Ni kosa lile lile ninalowakatia wanafunzi alama wanapoandika saa moja na nusu kuwa saa 1.30. Jibu sahihi: maili 2.8, noti 3.8.

Kurudi, upepo wa kusi ulitupiga usoni, tukaenda bisho, mara huku mara kule, saa moja na nusu. Tulipoikaribia Forodhani nikahesabu upya kwa uangalifu. Noti 1.9. "Tumetambaa," nikasema.

Nahodha akaokota kumbi, akalitupa omoni, akahesabu sekunde taratibu. Hesabu ya nne, kumbi likapita tezini. Mashua ina mita 8; basi ni mita 2 kwa sekunde, karibu noti 4. Na kumbi halichajiwi.

"Simu yako imerudi kama kunguru," akasema. "Sisi tumerudi na bahari."

Kweli. Nilipima mstari ulionyooka toka nukta hadi nukta, bisho zote za katikati nikaziacha majini. Ukitaka njia halisi, chukua nukta kila baada ya dakika chache, ujumlishe vipande. Ila ukitia nanga, izime: simu haitulii mahali pamoja, itakuandikia safari nawe umekaa unamenya chungwa.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo marejeo ngamani. Mimi nilirejea huko na kopo, kufua maji yaliyotuingia njiani. Nilifua makopo 140, na hesabu hiyo hakuna aliyenibishia.