Mbuzi Ana Mwenyewe

Binamu yangu anaishi Pennsylvania, Marekani, na kila akipiga simu habari ni kulungu. Wamekula maua, wamekula maharage, wameruka uzio. Ametundika vipande vya sabuni kwenye miti ili harufu iwafukuze, na majirani zake wameinua nyavu hadi mita 2.4, maana mnyama yule anaruka kwelikweli. Anategemea nimhurumie. Mimi namwonea wivu. Kulungu wa Pennsylvania hana mwenyewe. Ukimfukuza kwa kelele, hakuna atakayekuja kuuliza mbona unamsumbua.

Huku Mbalizi kulungu wa kuingia bustanini hatuna. Tuna mbuzi. Mahindi yakishavunwa, kuanzia Julai hivi, mifugo huachiwa mabua, vumbi linatanda kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, na kitu cha kijani kinabaki kwa mwenye bomba tu. Mimi bomba ninalo.

Nilizungushia bustani mabanzi, yale maganda ya magogo yanayobaki mashineni mbao zikishapasuliwa. Kwa binadamu yanatosha. Mbuzi wa bibi jirani hufungwa kwa kamba ya katani kwenye kigingi, naye hung'oa kigingi akaja nacho, kwa hiyo unamsikia kabla hujamwona: ko, ko, ko, kwenye mawe. Anapitisha pua kati ya banzi na banzi, anapima, kisha anaegemeza ubavu, na misumari inachomoka kwa mlio wa soda inayofunguliwa. Akishaingia hana haraka. Chainizi anakula majani laini, uti wa katikati anakuachia. Figiri haigusi mpaka chainizi iishe. Na usijisumbue kumnyemelea, maana macho yale yenye mboni za kulala yanaona karibu pande zote.

Mzee mmoja alinishauri nikoroge kinyesi cha mbuzi na maji, nipake mboga zote, kwani mbuzi hali kilichonuka kinyesi chake. Ni kweli, hakula. Na sisi hatukula.

Fimbo nayo si ya kuchukua ovyo. Mbuzi yule ndiye sare na madaftari ya wajukuu ikifika Januari. Kwa hiyo unashika kamba, unaokota kigingi, unamrudisha kwao, na unaanza na salamu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Wazima huko?"

"Wazima. Nimemleta mbuzi."

"Ahsante, nilikuwa namtafuta. Ameshakula?"

Sheria zipo. Halmashauri zina sheria ndogo za kuzuia mifugo kuzurura, na faini juu. Lakini mtu anayekuazima toroli kila msimu wa mbolea unaanzaje kumpeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji?

Mambo yaliharibika kwenye parachichi. Nilipanda mche wa Hass, kama kila mtu Nyanda za Juu Kusini, toka Rungwe hadi Njombe, anayehesabu hela za parachichi kabla mti haujatoa ua. Asubuhi moja nikaukuta umebaki kijiti. Niseme ukweli, sikuhuzunika sana. Chainizi ni mboga, utaidai vipi? Mche una risiti. Nikavaa shati safi niende kudai.

Kasoro ni kwamba nilishasoma mahali kuwa majani ya parachichi yana kemikali iitwayo persini. Mbuzi akiyala kwa wingi, kiwele huvimba, maziwa hukauka, hata moyo unaweza kudhurika. Na huyu alikuwa ananyonyesha. Basi nilitoka nyumbani mdai, nikafika kwa bibi mleta taarifa ya mgonjwa.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

"Yaani mjukuu wangu, ulijua ni sumu, na ukaipanda jirani na mbuzi wangu?"

"Lakini bibi, kulikuwa na uzio."

"Uzio upi?"

Akaangalia upande wa mabanzi yangu, kwa huruma kabisa.

Bwana mifugo aliitwa, akaja na bodaboda. Akaminya kiwele, akatega sikio ubavuni, akamtazama mbuzi, akanitazama mimi. Akasema mche mmoja una majani machache, hana shida, ila tumwangalie, na apewe chakula laini. Bibi akauliza chakula laini ni kama nini. Mimi nilinyamaza. Bwana mifugo, ambaye hakujua lolote, akasema kama chainizi hivi.

Nikawa nampelekea asubuhi na jioni. Akinisikia anasimama, kigingi kimetulia ardhini, hana tena sababu ya kusafiri. Nauli ya bodaboda nililipa mimi, kwa kuwa, alivyosema bibi, mti ni wangu.

Mbuzi hakuumwa hata kikohozi. Tulipothibitisha hivyo, bibi alinitumia mjukuu na toroli limejaa samadi, bure, na ujumbe wa mdomo: nipande mti mwingine, ila safari hii nipande kitu anachoweza kula.