Muulize Shangazi: Ukoko ni wa Nani?

Wiki iliyopita safu hii haikutoka. Mjukuu wangu alimwaga uji wa ulezi juu ya barua zenu, na uji wa ulezi ukishakauka karatasi haisomeki tena, inabanduka vipande vipande. Zilizonusurika ndizo hizi. Karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: je, mwiko fulani wa nyumbani ni wa kweli? Kiswahili nacho kina hila yake hapa. Mwiko ni ule wa kusongea ugali, na mwiko ni katazo. Anayeushika ule wa kwanza ndiye anayeutunga huu wa pili. Someni mkilikumbuka hilo.

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto wawili, wa miaka 7 na 5. Tukipika wali wa nazi wanagombania ukoko mpaka wanaumana. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, amewaambia kwamba atakayekula ukoko, siku ya harusi yake mvua itanyesha. Sasa mdogo halali usiku, anaogopa harusi. Nifanyeje? – Baba Wawili, Tandika*

Marahaba, baba. Kwanza nikuulize: watoto wakishatishwa wakaenda kulala, ukoko ule anaula nani? Usinijibu. Chungulia jikoni saa nne usiku.

Mimi nimelelewa Tanga, na habari ya mvua niliambiwa na bibi aliyekuwa anatafuna ukoko huku akiniambia. Niliula hivyo hivyo, nikiukwangua kwa kijiko cha bati nyuma ya banda la kuku. Nikaja kuolewa mwezi wa Aprili. Mvua ilianza alfajiri. Kufika adhuhuri maturubai yalikuwa yamejaa maji, yananing'inia kama matumbo ya ng'ombe wenye mimba, na shangazi zangu wote wakageuka kunitazama mimi. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba Aprili ni masika, na masika ya Tanga hayamsubiri mla ukoko. Tarehe yenyewe walipanga wao.

Sasa tuje kwenye hesabu. Ukoko hautokani na wingi wa mchele, unatokana na upana wa kitako cha sufuria. Ninyi mnapikia sufuria ndefu, nyembamba, ukoko unatoka kama kisahani cha kikombe, vita vinaanza. Pikia sufuria pana. Nazi ikishakunwa, tui la kwanza, lile zito, liweke pembeni. Mchele uchemke kwa tui la pili. Likikaribia kukauka, ndipo umwagie lile zito, ugeuze mara moja, upunguze moto wa chini, upalie makaa juu ya mfuniko, kisha uondoke. Nasema uondoke. Mafuta ya nazi yatashuka yenyewe na kuukaanga ukoko mpaka uwe na rangi ya asali. Anayefunua kila baada ya dakika mbili hapati ukoko, anapata mashendea.

Ukishaiva, ukate kwa kisu mbele ya watu wote: vipande viwili vya watoto, kimoja cha mama yako, naye akipokee hadharani. Huyo mdogo mwambie harusi yake tutaiweka Agosti.

*Shangazi, mwanangu wa miaka 4 aliuliza mbele ya wageni kwa nini firigisi ni ya baba, na wakati kuku anakimbizwa uani baba alikuwa amelala. Nilikosa pa kuuweka uso. – Mama Pili, Mtwara*

Mtoto hana kosa, mwanangu, amesema alichokiona. Tatizo ni kwamba kuku ana firigisi moja tu. Siku hizi firigisi zinauzwa kwa kilo. Nunua nusu, ziunge kwa kitunguu na nyanya, kila mtu apate yake. Baba akinuna mwongezee mbili. Akiendelea kununa, kesho akimbize kuku yeye.

*Shangazi, tumepanga ghorofa ya nne, Kariakoo. Binti yangu ameng'oka jino la mbele. Sisi utotoni tulirusha jino juu ya bati tukamwomba mjusi atupe jipya. Hapa paa liko juu kabisa na mlango wake una kufuli. Tulijaribu kurusha kwa nguvu kutoka kibarazani, jino likatua kwenye beseni la nguo la jirani wa chini, akapanda ngazi kutuuliza kama tunamroga. Juu ya hayo, binti ameona kwenye katuni kwamba jino huwekwa chini ya mto na asubuhi unakuta pesa. – Mpangaji Mwenye Hofu*

Jirani ana haki. Ukikuta jino la mtu usiyemjua kwenye beseni lako huwezi kuendelea kufua kama hakuna kitu. Mpelekee vitumbua leo hii.

Kuhusu pesa chini ya mto, fikiri kabla hujaanza. Meno ya utoto ni 20. La kwanza hung'oka kwenye umri wa miaka 6 hivi, la mwisho kwenye miaka 12. La kwanza ukililipia shilingi elfu moja, hilo la 20 atakuletea na wakili. Mjusi wetu halipi, hadai, hatoi risiti. Kwa wengine ni panya, kwa wengine kunguru, lakini kazi ni ile ile: mtoto mwenye pengo ajue kuna aliyeagizwa jino jingine, asikae anajiziba mdomo kwa kiganja.

Jino litie kwenye kiberiti kitupu, andika tarehe juu. Mkienda kwa bibi wakati wa Idi au Krismasi, mkalirushe kule kwenye bati. Yakikusanyika matatu, yarusheni yote kwa mpigo, mjusi wa shamba hana foleni. Ila kagua kiberiti kabla ya kuwasha jiko. Nina sababu zangu za kusema hivyo.

*Shangazi, mwanangu ana miezi mitatu. Mama mkwe anasema analia kwa njaa, na anataka ampe uji mwepesi na kumlambisha asali. – Mzazi Mpya, Morogoro*

Hapa naweka mwiko chini, sitanii. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, na hata maji hayamo. Asali asionjeshwe kabla hajatimiza mwaka, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumboni mwa mtoto mchanga hutoa sumu inayolegeza misuli, mpaka ile ya kupumulia. Lakini usibishane na mama mkwe sebuleni, hutashinda, na ukishinda utajuta. Mwombe akusindikize kliniki siku ya kupima uzito, umwachie muuguzi aseme. Kama mtoto analia bila kunyamaza, aangaliwe huko huko. Akitimiza miezi 6, kikombe cha kwanza cha uji mkabidhi bibi ashike yeye, mbele ya watu. Piga na picha.

*Shangazi, nimehamia kwenye gesi. Mume wangu anasema maharage ya gesi hayana ladha kama ya mkaa, na mtungi unaisha upesi. – Mpishi Aliyechoka, Dodoma*

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kutaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo mume wako bado ana muda wa kuzoea. Mtungi unaisha kwa sababu maharage unayachemsha makavu. Yaloweke usiku kucha, maji yale yamwage, uone yatakavyowahi kuiva. Magadi nayo hulainisha haraka, ila huharibu vitamini, hasa B1, basi yaache. Kuhusu ladha, muulize vizuri kama anayoikumbuka ni ya mkaa au ni ya mama yake. Kama ni ya mkaa, yapike kwenye jiko la mkaa la uani siku ya Jumapili. Kama ni ya mama yake, mimi sina dawa.

*Shangazi, Ramadhani iliyopita jirani aliniletea kaimati kwenye bakuli lake. Kulirudisha tupu ni aibu, nikatia sambusa tano. Kesho yake likaja na mihogo ya nazi. Nikarudisha na tambi. Idi imepita, Mfungo Mosi umekwisha, bakuli bado linatembea. Juzi nilikuwa sijapika kitu, nikatia mayai matatu mabichi. Nitokeje? – Niliyenaswa, Pangani*

Pole, mwanangu, lakini kosa ni lako. Mayai matatu! Umepandisha bei mtaa mzima, na jirani yako hivi sasa anazunguka uani anatafuta cha kulingana na mayai. Bakuli halidai chakula cha maana. Ndimu mbili zinatosha, au sukari kidogo kwenye karatasi, au mchaichai uliochumwa ukutani. Anza kushuka taratibu: wiki hii ndimu, wiki ijayo mchaichai, na jirani atashuka na wewe, atakushukuru moyoni.

Halafu chunguza tarishi. Bakuli hubebwa na mtoto. Zile sambusa ulitia tano. Mimi nakuambia zilifika tatu, na jirani yako mpaka leo anadhani wewe ni mtu wa sambusa tatu. Siku hizi mimi natuma watoto wawili wasiopatana, mmoja amchunge mwenzake.

Njia ya kukata kabisa ni moja: kukaa na bakuli la mtu. Usiifanye. Nimefanyiwa, naijua. Bakuli langu ni la bluu, la plastiki, mfuniko wake una ufa kwenye ukingo, na lilitoka hapa na magimbi ya nazi siku ya kumi ya Ramadhani. Jirani, safu hii unaisoma, najua, kwa sababu gazeti huwa unaazima kwangu. Mpe mtoto alilete. Hata likiwa tupu nitalipokea.