Faida za Kiangazi cha Sebuleni

Kiangazi cha Marekani, ambapo jua la Julai katika majimbo mengi huzama baada ya saa mbili usiku, ndicho msimu bora wa kufunga mapazia, maana mwanga hutia kioo cha televisheni mng'ao. Familia yenye busara hutulia sebuleni ikitazama Big Brother, kipindi kilichoanza CBS mwaka 2000, ambamo watu wengine wamefungiwa ndani ya nyumba wakichungwa na kamera. Love Island USA, iliyoanzia Fiji mwaka 2019, huwatuma vijana wakaote jua kwa niaba ya mtazamaji, naye akaokoa nauli. Jirani mwema hupendekeza kipindi kipya kabla ya salamu. Asiyekifahamu huulizwa kama anaumwa. Watoto wakiomba kwenda nje, huonyeshwa nje hiyo hiyo, tena yenye rangi angavu zaidi. Bustani nayo haina malalamiko: nyasi zimeshafika dirishani.