Waraka kwa Mheshimiwa Aliyetuahidi Kasi

Ila jenabi la Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Marekani iliyoagiza ndege ya kudondosha mabomu ya B-1, popote ulipo, uwe ungali kazini au umekwisha kustaafu kwa heshima na pensheni yako.

Baada ya salamu na taadhima, nakuarifu kuwa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatujambo. Mimi si askari wala mhandisi. Ni msomaji tu wa habari za ndege yako, na kama hutaniona mjuvi, najidai pia haki ya ujirani, kwani ndege hiyo imefanyia kazi kisiwani Diego Garcia, katika Bahari ya Hindi hii hii tunayovua samaki. Naandika kwa kuwa nakujua u mtu wa ahadi, na mwenye ahadi hachukii kukumbushwa.

Wa baadu. Kwanza nikupe haki yako. Kile kilichoruka tarehe 23 Desemba 1974 kule Palmdale, California, kilikuwa kizuri, na hata wapinzani wako hawakulibishia hilo. Mabawa yalinyooka kando wakati wa kuruka na kutua, kisha yakavutwa nyuma hadi nyuzi 67 na nusu ndege ikitaka mbio, hata ikabaki kama mshale. Ulituambia kwamba huko juu itakwenda zaidi ya mara mbili ya kasi ya sauti. Na kwa kuwa mwaka 1960 Wasovieti walikwisha kumwangusha rubani wa Marekani Gary Powers na ndege yake ya upelelezi ya U-2, na watu wakajua kuwa kuruka juu sana si kinga tena, ukaahidi kuwa itajua pia kushuka chini na kupenya kabla rada hazijaiona. Mbio za juu na mbio za chini, zote katika chombo kimoja. Nani angekataa?

Rais Carter alikataa. Juni 1977 alipiga hesabu akaona kuwa ndege kongwe ya B-52 yaweza kukaa mbali, ikaachia makombora yanayojiongoza yenyewe hadi shabaha, na rubani asisogee kwenye hatari. Rais alisema basi. Wewe, kwa hekima uliyojaliwa, ukasikia subiri. Ndege nne za majaribio ziliendelea kurushwa hadi 1981, na Oktoba mwaka huo huo Rais Reagan akakuagizia mia moja. Bunge likaambiwa mradi hautazidi dola bilioni 20.5 kwa thamani ya fedha ya wakati ule. Uvumilivu wako ni wa kupigiwa mfano, hasa ukizingatia kuwa aliyevumilia ni wewe na aliyelipa ni mwingine.

Hapa ndipo naomba ruhusa niulize kidogo. Ndege iliyofika, B-1B, haikuwa ile tuliyoahidiwa. Ya kwanza ilikuwa na milango ya hewa yenye kuta zinazosogea, ili hewa ipunguzwe kasi sawasawa kabla ya kuingia kwenye injini. Ndiyo siri ya kwenda mara mbili ya sauti. Katika ya pili kuta hizo hazisogei tena, na njia ya hewa imepindishwa na kuwekewa vizuizi, ili mawimbi ya rada yasifike kwenye mapanga ya injini na kurudi. Ni ufundi wa hali ya juu, sikatai. Ila kasi ilishuka ikawa mara moja na robo hivi ya sauti, na uzito wa kuruka ukapanda hadi tani 216. Wewe ulitufanyia kama fundi cherehani aliyepelekewa kitambaa cha kanzu akarudisha kizibao, kisha akakisifu kizibao kwa wepesi wake.

Ukasema, na nakumbuka ulivyosema kwa upole, kwamba kasi ya juu haikuwa tena na maana, kazi yenyewe iko chini. Vema, twende chini basi. Hapo ndipo ndege yako inaposisimua. Kando ya pua, chini kidogo ya madirisha ya marubani, kuna vipezi viwili vidogo vilivyoinamia chini, ambavyo mtu akipita haraka atadhani ni pambo. Ndege ndefu ya mita 44 ikipiga mbio karibu na ardhi, hewa nzito huitikisa na shingo yake hupinda huku na huku. Vipezi hivyo hucheza vyenyewe bila kungoja rubani, vikatuliza mtikiso ili watu wa ndani waweze kusoma vipimo vyao. Rada ya mbele nayo husoma vilima na mabonde, ikaipandisha na kuishusha ndege, mita sitini tu kutoka ardhini, kwa mwendo unaokaribia ule wa sauti. Aliyebuni hayo apewe maua yake angali hai.

Ila huko chini, Mheshimiwa, ndiko wanakoishi ndege wa Mungu. Tarehe 28 Septemba 1987, katika mazoezi huko Colorado, mwari mmoja mweupe aligonga mojawapo ya B-1B zako karibu na injini, akakata mabomba, moto ukazuka. Ndani walikuwamo watu sita, wakapona watatu. Nisamehe nikirudi nyuma: zile ndege tatu za kwanza ulizipa chumba kizima cha kujiokoa, kinachojitenga na ndege na kushuka kwa parachuti na wote waliomo. Baadaye, kwa sababu za gharama na uzito ulizozieleza vizuri sana, chumba kikaondolewa, vikaja viti vinne vya kumrusha mtu mmoja mmoja nje. Siku ile ya Colorado wawili kati ya sita walikuwa wamekaa kwenye viti visivyoruka. Hili silifanyii mzaha. Nakuuliza tu, kwa kuwa najua hesabu unaijua: nne na sita unazisomaje?

La vifaa vya kujikinga sitalirefusha, kwani najua linakukera. Mitambo ya kuvuruga rada za adui, iliyobeba sehemu kubwa ya matumaini yako, ilijulikana kwa kuvuruga mawimbi yake yenyewe, na mwaka 1988 Jeshi la Anga likakiri kuwa haitafikia viwango vilivyoandikwa kwenye mkataba. Adui, kwa bahati, hakupata nafasi ya kuijaribu wakati ule. Vita vya Ghuba vilipokuja mwaka 1991, B-1B zilibaki nyumbani, nyingine zikiwa na matatizo ya injini, na waliokwenda Irak ni wale vikongwe wa B-52. Nasikia walikwenda bila manung'uniko. Ndege yako ilionja vita mara ya kwanza Desemba 1998, miaka kumi tangu ya mwisho ya zile mia ikabidhiwe.

Kisha ikaja Afghanistan, na hapo nakupongeza bila kupunguza neno. Katika miezi sita ya kwanza, B-1B nane zilidondosha karibu asilimia 40 ya uzito wote wa mabomu yaliyodondoshwa na ndege za Marekani na washirika wake. Zilitoka kwenye kisiwa chetu cha jirani, zikakaa hewani saa nyingi, zikizunguka polepole huko juu sana, zikingoja kuitwa na askari wa ardhini, juu ya nchi isiyokuwa na rada za kukwepa. Tuliahidiwa mbio, ukatuletea subira. Tuliahidiwa kupita chini, ukatuletea kukaa juu. Ni mafanikio makubwa, ila si yale yaliyokuwamo kwenye ahadi.

Nasema kisiwa chetu cha jirani, lakini wenyewe hawapo. Wachagosi waliondolewa kwao kati ya 1968 na 1973, wakapelekwa Mauritius na Shelisheli, ili pawe na nafasi ya kambi ambayo ndege yako iliihitaji baadaye. Desemba 2001 B-1B moja ilianguka baharini kaskazini ya Diego Garcia. Watu wanne wakajirusha wakaokolewa wote na meli ya kivita, baada ya kukaa majini kama saa mbili. Tulifurahi walivyopona. Mwendo wa kuwaokoa wanne ulikuwa wa haraka kuliko mwendo wa kuwarudisha kwao hao wengine.

Na kwa kuwa kazi ya kusaidia askari wa ardhini haikuwamo kwenye michoro, iliazima macho. Tarehe 9 Juni 2014, mkoani Zabul, Afghanistan, watu wa B-1B walitegemea kamera ambayo haikuweza kuziona taa za siri walizovaa askari wao. Walidhani inaziona. Wamarekani watano na Mwafghanistan mmoja waliuawa kwa mabomu ya upande wao.

Miaka yote hiyo ya kuzunguka hewani mabawa yakiwa yamenyooshwa, kazi ambayo mifupa ya ndege haikuumbiwa, imeacha nyufa. Mwaka 2018 zote zilizuiwa kuruka baada ya kiti kimoja kukataa kuruka pale kilipohitajiwa. Mwaka uliofuata Bunge likaambiwa kuwa zilizo tayari kikamilifu zinahesabika kwa vidole vya mikono. Mwaka 2021 ukaziondoa 17, zikabaki 45.

Usidhani nakuonea peke yako. Mwenzako wa Urusi, mwenye Tu-160, ana ndege kubwa kuliko yako na ile kasi ya mara mbili ya sauti hakuiacha njiani. Mwaka 2015 alipoitumia vitani Syria, ilibaki mbali ikaachia makombora yasiyofika hata kasi ya sauti. Na B-2, iliyokuja baada ya yako katika jeshi lako mwenyewe, haivuki kasi ya sauti hata ikisukumwa.

Ombi langu ni moja, nalo si kubwa. Utakapoagiza ndege nyingine, tuandikie kwenye karatasi moja yale uliyoahidi, na pembeni yake, mwaka baada ya mwaka, kila ulichokitoa na sababu ya kukitoa. Walipa kodi wako watapenda kuisoma, nasi majirani tutaiazima. Na ukiwa unaiandika, usisahau kutaja kuwa B-1B zimepangiwa kustaafu katika miaka ya 2030, ilhali B-52, iliyoanza kazi mwaka 1955 na ambayo yako ilikuja kuirithi, imepangiwa kufungwa injini mpya za Rolls-Royce ili iruke hadi miaka ya 2050.

Wasalaam.