Jinsi ya Kuvunja Ahadi ya Kwanta Bila Kukamatwa

Kwanza tafuta mtu asiyekuamini. Mwite Bob, kama wanafizikia wanavyomwita, nawe uwe Alice. Chagua 0 au 1, umkabidhi Bob ushahidi wa chaguo lako, ila umfunulie baadaye. Ahadi hiyo ni kama sanduku lenye kufuli: Bob asichungulie, nawe usibadilishe kilichomo.

Njia halali waliieleza Charles Bennett na Gilles Brassard mwaka 1984. Kwa 0, unamtumia Bob fotoni zinazotetema wima au mlalo, ovyoovyo. Kwa 1, zote za mshazari, kulia au kushoto. Bob anapima kila moja kwa kubahatisha namna ya kupima, anajaza majedwali mawili, moja kwa kila namna. Siku ya kufungua unamtajia chaguo na orodha ya fotoni zako, na jedwali husika lazima likubaliane nawe mstari kwa mstari. Ukigeuza kauli itabidi ubahatishe, na kwa fotoni 100 utaumbuka.

Sasa utapeli wenyewe. Usichague chochote! Tengeneza fotoni pacha zilizofungamana, mpelekee Bob moja ya kila jozi, nyingine zihifadhi. Saa ya kufungua ndipo uamue, kisha upime zako kwa wima na mlalo, au kwa mshazari. Orodha itakayotoka italingana na jedwali lake, naye hana pa kukushikia. Bennett na Brassard waliutaja mwanya huu wenyewe katika makala ileile. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Bob akileta itifaki ngumu zaidi, usiogope. Iliyotoka mwaka 1993 iliaminika kuwa salama kabisa. Kisha Dominic Mayers kwa upande wake, na Hoi-Kwong Lo na H. F. Chau kwa wao, wakachapisha uthibitisho mwaka 1997: ikiwa alicho nacho Bob hakimwonyeshi tofauti yoyote kati ya 0 na 1, Alice anaweza kugeuza moja kuwa nyingine kwa kugusa upande wake tu. Usiri kamili ndio unaomfungulia mlango. Kwa hiyo anayekuuzia ahadi inayolindwa na sheria za kwanta peke yake, mbane akutajie sharti lililofichwa. Huenda anategemea kwamba huna pa kuhifadhi fotoni.

Utakapokwama ni kwa Adrian Kent, aliyeingiza kikomo cha kasi ya mwanga katika ahadi hizi. Mwaka 2016 watafiti wa Geneva walidumisha ahadi kwa saa 24 kwa vituo vilivyoachana kilomita 7, kila kimoja kikiwa na wakala wa Alice. Mwanga huvuka umbali huo kwa takriban mikrosekunde 23, na wakala wako wa pili anatakiwa ajibu kabla habari za wa kwanza hazijamfikia.