Yah: Ombi la Bodi ya Maktaba kupatiwa mafunzo kwa mwenye laibrari ya muvi

Mkurugenzi Mkuu na Wajumbe,
Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania,
Dar es Salaam.

Husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Sisi wakazi wa Nguvumali, Jiji la Tanga, tunawasalimu kwa heshima zote na kuwapongeza kwa jinsi mnavyolea subira ya taifa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili zilizolala chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika, na nchi ikabaki inatazama kiduara kikizunguka kwenye kioo cha simu. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa, ikaja kurudi Novemba. Safari hiyo bahari haikuhusika.

Katika vipindi vyote viwili, maktaba moja tu mtaani kwetu haikufunga: kibanda cha laibrari ya muvi. Mnazifahamu. Kompyuta kuukuu, hadi diski zimefungwa kwa utepe, bango la Rambo mlangoni, na kijana anayekuwekea sizoni nzima kwenye flashi kabla hujamaliza kunywa soda. Mwanafunzi aliyetaka kitabu cha Baiolojia kilichoko mtandaoni aliambiwa asubiri mtandao. Aliyetaka tamthilia ya Kikorea iliyotafsiriwa aliondoka nayo mfukoni.

Tumejiuliza kijana huyu kasomea wapi uhifadhi, maana kanuni zake ni kamilifu. Hategemei kitu ambacho hakipo kwake. Diski yake ikifa, mwenzake wa Mabawa anacho kile kile, na wa Ngamiani anacho pia, kwa hiyo jioni amekwisha kurudishiwa. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ina mradi uitwao LOCKSS unaofanya jambo hilo hilo kwa majarida ya kitaaluma: nakala nyingi katika maktaba nyingi, zinazokaguana na kurekebishana. Tofauti ni kwamba wa Stanford hukubaliana kwanza na wachapishaji. (COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wakiifikia aya hii, tunaomba waipite.)

Sasa tuje kwenu. Sheria Namba 6 ya mwaka 1975 iliwapa jukumu la kupokea nakala za machapisho ya nchi hii. Mzee wa hapa Tanga akichapisha kijitabu cha mawaidha, mnakitaka kabatini, na ni haki yenu. Ila sheria hiyo iliandikwa wakati kitabu ni karatasi na gundi. Leo Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao, jambo jema kabisa, na sisi wa Nguvumali tunauliza kwa adabu: seva ikilala, ninyi mna nini kabatini? Kama mnayo nakala, tuambieni ilipo tuje na flashi. Kama hamna, basi mzee wa mawaidha amewazidi wote kwa kutii sheria.

Msidhani tunawaonea. Maktaba ya Uingereza, yenye hazina inayokadiriwa kufika vitu milioni 170, ilivamiwa na wahalifu wa mtandaoni Oktoba 2023. Walidai fidia, wakanyimwa, wakamwaga hadharani data ya gigabaiti kama 600. Katalogi ya mtandaoni ilirudi katikati ya Januari 2024, tena kwa kuchechemea. Fikirieni: vitabu vimejaa rafuni, havijaungua wala havijaibiwa, na msomaji anaondoka mikono mitupu kwa sababu orodha ya kuonyesha kipi kiko wapi imezimika. Orodha yenyewe, wakuu wetu, nayo ni mali. Iwekeeni akiba kando kila mwezi, hata kwa kuichapa, maana maktaba isiyojua ilicho nacho ni stoo.

Mji wetu ulilijua somo hili mapema. Gazeti la Kiongozi lilikuwa likichapwa hapa hapa Tanga, kwenye shule ya serikali, enzi za Mjerumani. Novemba 1914 mji ukapiganiwa mitaani; baadaye utawala ukaondoka na gazeti likafa. Hata hivyo Kiongozi linasomeka hadi leo, kwa kuwa nakala zilikwisha kutawanyika, nyingine hadi Ujerumani. Lingekuwa lipo mahali pamoja tu, pale lilipochapwa, leo tungekuwa tunabishana barazani kama liliwahi kuwapo.

Maombi yetu hayahitaji mfadhili wala semina Morogoro. Kanuni iandikwe kwamba kitabu cha kidijitali nacho huletwa kwenu kikiwa faili kamili linalofunguka bila kuomba ruhusa ya seva yoyote. Maktaba ya mkoa hapa Tanga, lile jengo la kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita, ipewe hadi diski yenye vitabu vya kiada na Wikipedia. Programu ya bure iitwayo Kiwix hupakia Wikipedia nzima ikasomeka bila intaneti; ile ya Kiswahili inaenea kwenye flashi na kubakiza nafasi ya sizoni mbili. Kikompyuta cha Raspberry Pi, kinachoenea kiganjani, kinaweza kurusha Wi-Fi ukumbini, na simu za wanafunzi zikasoma bila bando. Umeme ukikatika ni barua nyingine, na haiji kwenu.

Mkihitaji mtaalamu mwelekezi, kijana wetu yuko tayari. Hana shahada, lakini ana wateja. Masharti yake ni mawili: alipwe siku hiyo hiyo, na mjumbe yeyote atakayekuja kujifunza asimfutie sizoni ili apate nafasi ya kuweka hotuba.

Wenu katika kusubiri mtandao,

Wakazi wa Nguvumali, Tanga.

Nakala: Taasisi ya Elimu Tanzania, Wizara yenye dhamana ya mawasiliano, kwa njia ya posta, endapo intaneti itakuwa imezimwa.